Mishahara ya maofisa kwenye boti za forodha za Marekani enzi zile

mpenda_bahari:
Wakuu naomba kueleweshwa, zile boti 10 za forodha ambazo Hamilton, waziri wa fedha wa Marekani, aliombea idhini ya bunge 1790, maofisa walikua wanalipwaje na nani alikua bosi wao? Jeshi la maji si lilikua halipo bado?

Mzee wa Gati:
Halikuwepo kweli. Sheria ya Agosti 1790 ilimpa nahodha dola 30 kwa mwezi, msaidizi wa kwanza 20, wa pili 16, wa tatu 14, baharia wa kawaida 8 na vijana wa kazi ndogondogo 4. Nahodha na posho ya chakula kama kapteni wa jeshi.

mpenda_bahari:
dola 30 tu na unakimbizana na wafanya magendo usiku, duh

kijana_wa_nanga:
Ndo maana baadae wakawekewa na fungu kwenye faini na mali zilizokamatwa mkuu, ukikamata meli yenye mzigo mnono unasahau mshahara 😂 ila kwa mtazamo wangu hapo ndo mtu anaanza kuchagua meli za kufukuza.

Mzee wa Gati:
Kubwa zaidi ni usimamizi. Boti ilikua chini ya mkusanya ushuru wa bandari husika, matengenezo, vyakula, kila kitu kwake, na huyo ni mteule wa kisiasa. 1843 wakaunda ofisi moja Washington chini ya kapteni Fraser, 1849 ikavunjwa mamlaka yakarudi bandarini, mpaka Kimball alipokuja 1871 kuwa mkuu wa boti hizo huko Washington akaanza kufagia wazembe.