Wanaume kuvaa mchuchumio kwenye matembezi ya hisani: mbona watu wanatukana viatu, ubakaji hawautaji?

Mpita_Njia ameuliza:

Wakuu habari zenu, kuna jambo linanikera naomba tulijadili kiutu uzima. Inazunguka video ya wanaume watu wazima kabisa, wengine na vitambi vyao, wengine wamepiga suti, wako barabarani na viatu vyekundu vya mchuchumio wanatembea wameshikana mabega wasianguke na watu pembeni wanawapigia makofi. Ni yale matembezi ya kule Marekani yanaitwa Walk a Mile in Her Shoes, wanaume wanatembea maili moja, kama kilomita 1.6 hivi, kuchangia vituo vinavyohudumia waliobakwa na kupinga ukatili kwa wanawake.

Sasa nikashuka kwenye komenti aisee. Dunia imekwisha, wanaume wamegeuzwa, hawa wazee hawana watoto wanaowaangalia, mengine matusi siwezi hata kuyaandika hapa, halafu kuna wale wanaotag wenzao wacheke basi. Yaani unasoma unasoma, ubakaji wenyewe ambao ndo umewatoa hao watu majumbani hakuna anayeutaja. Na siyo jambo dogo, Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilitoa makadirio kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani, kama wanawake milioni 736, ameshawahi kupigwa au kulazimishwa na mwenza wake au kufanyiwa ukatili wa kingono na mtu mwingine.

Swali langu: hivi kinachowauma wanaume hapo ni nini hasa? Na dada zetu, mkiona wanaume wamevaa hivyo kwa ajili yenu mnafarijika au mnaona ni maigizo? Mi naona waliovaa wana moyo kuliko waliokaa wanatukana, ila nataka kusikia na wengine.

Kocha Mstaafu:

Mkuu mi siwezi kuvaa na sioni kama hiyo inanifanya niwe mtetezi wa wabakaji. Tuliweke hilo sawa kwanza maana mijadala hii huwa inaenda hivyo, ukisema hupendi staili yao unaambiwa unapenda ukatili.

Ila kuna kitu kimoja ambacho nadhani ndo kiliwasha moto zaidi. April 2015 zilisambaa picha za wanafunzi wa mafunzo ya kijeshi, wale wa ROTC, wa chuo cha Temple University huko huko Marekani, wamevaa kombati na chini viatu vyekundu vya visigino. Watu wakaja juu, ikasemwa vijana walishinikizwa kushiriki na wengine hawakutaka. Hapo mi nakuwa mkali. Jambo la hisani likishakuwa amri siyo hisani tena, na tena ukifikiria kinachopingwa pale ni mtu kulazimishwa jambo kwenye mwili wake, kweli unaanzaje kumlazimisha mwenzio avae kitu asichotaka? Anayejitolea ajitolee kwa hiari, hapo nitampigia makofi hata kama mi nimevaa raba.

Mzee wa Nyaraka:

Kwa wanaosema kisigino kirefu ni vazi la kike tangu dunia iumbwe, hapana jamani. Wapanda farasi wa Uajemi walivaa viatu vyenye kisigino zamani hizo, na kazi yake ilikuwa kushika mguu usichomoke kwenye kikuku cha chuma anapokanyagia mpanda farasi, maana alikuwa anasimama juu ya farasi anapiga mishale. Miaka ya 1600 wanaume wakubwa wa Ulaya wakaiga. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa, aliyekaa kwenye kiti mpaka 1715, kwenye michoro yake utamkuta na visigino vyekundu kabisa, na pale ikulu yake kisigino chekundu kilikuwa alama ya heshima. Ni katikati ya miaka ya 1700 ndo wanaume wakaachana navyo vikabaki kwa wanawake. Kwahiyo ukimtukana mtu kwamba ameacha uanaume kwa sababu ya kisigino, unatetea kawaida ambayo haina hata miaka 300.

Binti Kisima:

Kaka Mpita_Njia umeuliza dada zako wanajisikiaje, mi nakujibu kwa upande wangu tu maana siwezi kusemea wote.

Sitawatukana hao wanaume. Najua ilianzaje, mwaka 2001 kule California, Frank Baird na kikundi kidogo tu cha wanaume wakazunguka bustani, na wazo lilikuwa zuri, kuvaa viatu vya mwenzio ujue anapitia nini. Pesa zinazopatikana zinaendesha simu za dharura, zinalipa washauri, zinamsindikiza mtu hospitali usiku. Hiyo mi siidharau hata kidogo.

Kinachonisumbua ni kicheko. Ukiangalia video nyingi za haya matembezi mwanaume anajikwaa watu wanacheka, anatingisha kiuno watu wanacheka zaidi, anashika mdomo kama msichana ndo kabisaaa. Sasa mimi niliyefanyiwa ukatili, au mdogo wangu, tunasimama hapo pembeni tunatazama nini? Shida yangu kama mwanamke haijawahi kuwa viatu. Shida ni nikirudi usiku natembea na funguo nimezikamata mkononi, ni nikisema nimefanyiwa hivi naulizwa ulikuwa umevaa nini, ulikuwa na nani, mbona hukupiga kelele. Mwanaume akimaliza maili yake anavua anaweka pembeni anapumzika, ile hofu yenyewe hajaigusa. Na kuna wengine pia wanaumia hapo, wale ambao kila siku wanapigwa na kufukuzwa makwao kwa sababu mavazi yao yanaonekana ni ya jinsia nyingine, wanaona kitu kinachowatesa wao kimegeuzwa kichekesho cha siku moja.

Linganisha na Denim Day. Italia mwaka 1998 mahakama ya juu ilifuta hukumu ya mwalimu wa udereva aliyetiwa hatiani kwa kumbaka binti wa miaka 18, hoja mojawapo ikawa kwamba jinzi ya binti ilikuwa inabana, haiwezi kuvuliwa bila yeye mwenyewe kusaidia!! Wabunge wanawake wakaenda bungeni wamevaa jinzi kupinga, na mwaka uliofuata Los Angeles wakaanzisha siku ya kuvaa jinzi ambayo mpaka leo inafanyika kila April. Ona sasa, pale vazi lenyewe ndo ushahidi. Huhitaji kujikwaa wala kuchekesha, mtu akikuuliza mbona leo umevaa jinzi kazini unamsimulia kesi, anabaki mdomo wazi. Mi vazi la namna hiyo nitalivaa kesho asubuhi.

Seremala_K:

Dada Binti Kisima nimekuelewa sana na pale kwenye kicheko uko sahihi, ila ngoja niseme kama mtu niliyewahi kutembea.

Sikwenda kuchekesha. Nilikwenda kwa sababu ya dada yangu, na hiyo naiacha hapo. Nilichokiona ni kwamba wanaume wengi ukiwaitia semina ya ukatili wa kijinsia hawaji, utakuta ukumbi mzima ni wanawake wanaambiana mambo wanayoyajua tayari. Lakini ile siku, wanaume walikuja. Kuna jamaa aliniona nimevaa akaanza kunipigia miluzi na maneno ya ovyo, eti mrembo geuka, na nikawa siwezi kukimbia wala kwenda haraka, kisigino kinazama kila nikikanyaga, nikajikuta naangalia chini nataka tu kupita. Najua siyo sawa na anayoyapata mwanamke, mi nilikuwa na wenzangu kundi zima na mchana kweupe. Ila nilipofika mwisho nilimuuliza dada yangu hivi haya maneno huwa unaambiwa mara ngapi, akaniangalia akacheka kidogo akasema tangu darasa la tano. Miaka yote hiyo tunaishi nyumba moja sijawahi kumuuliza.

Kwahiyo mi naona isiwe viatu tupu. Kabla ya kutembea tulisomewa maneno ya watu waliopitia, kwa ridhaa yao, na baada ya kutembea tukakaa wanaume peke yetu na mwezeshaji tukaongea kuhusu sisi, siyo kuhusu wanawake. Bila hiyo nakubali inakuwa maonyesho.

DadaFisio:

Nipite na la afya tu. Wasiozoea msianze na kisigino chembamba kirefu, uzito wote unahamia mbele kwenye vidole na kifundo cha mguu kinakosa pa kujishikilia, ndo maana watu wanateguka. Chukueni kisigino kipana, kifupi, saizi sahihi siyo ya kubana, na jizoezeni ndani kwanza. Mwenye matatizo ya goti au mgongo abebe bango, siyo lazima avae.

Kocha Mstaafu:

Seremala_K hapo kwa dada yako umenigusa ndugu yangu. Swali langu, kwanini msifanye kama wale wa utepe mweupe? Hao walianza Kanada 1991, ni wanaume kwa wanaume, baada ya yule aliyeingia chuo cha École Polytechnique Montreal tarehe 6 Desemba 1989 akaua wanawake 14 kwa sababu tu ni wanawake. Unavaa utepe, unaahidi hutafanya ukatili, hutaufumbia macho wala hutanyamaza. Hakuna wa kukucheka na hakuna wa kusema umegeuzwa. Huo mi navaa.

Binti Kisima:

Mzee wangu Kocha, utepe sawa kabisa, ila tatizo la utepe ni kwamba anayeuvaa haambiwi chochote na mtu, anapita nao kimya mpaka jioni. Hilo la kutonyamaza ndo tunalitaka. Anayepiga miluzi kama yule wa Seremala_K, akipiga mbele yako, umwambie aache. Hapo ndo wanaume mnakwama, mnaogopa wenzenu kuliko mnavyoogopa kisigino.

Mpita_Njia:

Asanteni wote, nimejifunza. Nilidhani wanaopinga wote ni wale wa matusi, kumbe kuna hoja nzito kabisa kutoka kwa wanawake wenyewe, na hizo kwenye zile komenti zilifunikwa na kelele. Dada Binti Kisima, hiyo kesi ya Italia nakwenda kuiandika pale chini ya video. Seremala_K, ule utaratibu wenu wa kukaa wanaume baada ya kutembea, kama una maswali mliyokuwa mnaulizana naomba uyaweke hapa, kuna kundi letu la vijana ningependa tukae nayo.

Seremala_K:

Usiku nikitulia nayaandika mkuu. La kwanza lilikuwa: mara ya mwisho rafiki yako alimsema mwanamke vibaya mbele yako, ulifanya nini? Anzeni na hilo.