Gari likiwa juu ya tela ni GARI au ni MZIGO? Nimeteswa mpakani siku mbili na mbio nimekosa

Wakuu heshima kwenu.

Naandika nikiwa nyumbani Tanga, Jumapili saa 5 asubuhi, muda ambao nilitakiwa niwe nimevaa helmeti kwenye mbio za magari upande wa Mombasa. Gari liko uani juu ya tela, hata mikanda sijaifungua. Mke wangu kapita hapo mara mbili na hajaniuliza kitu, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Kituo cha mpakani sikitaji na wakala simtaji, sitafuti kesi na mtu. Ila nitasema yote.

Gari lenyewe ni Starlet EP82 niliyoifunga injini ya 4E-FTE yenye tabo ya kuongeza nguvu. Viti vya nyuma hamna, kuna keji ya mabomba ya kunikinga gari likipinduka, aliyoichomelea fundi wa Ngamiani hapa Tanga. Taa ya mbele moja nimeitoa ili hewa iingie, saiti mira nimeng'oa. Namba lina, kadi lina, kwa jina langu halali. Ni gari la kukimbizia uwanjani kwenye vumbi, halijawahi kupeleka mtoto shule, kwa hiyo huwa nalivuta na Hilux.

Wiki nzima kabla ya safari nilikuwa namsumbua wakala wa forodha: nibebe karatasi gani? Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, nimeutunza mpaka leo: "Kaka wewe njoo na kadi ya gari, pasi, leseni na kadi ya njano. Mengine niachie." Mengine niachie! Hayo maneno yashikeni.

Ijumaa saa 11 alfajiri nikaondoka, saa 1 na nusu nimeshafika. Sasa anza kucheka. Kadi ya njano niliyobeba ni ya chanjo ya homa ya manjano, maana kwa akili yangu ndiyo hiyo, na sindano moja siku hizi ni ya maisha. Afisa wa afya akaiangalia, akanirudishia, nikajiona mjanja. Dirisha la pili dada ananiambia, "Kadi ya njano?" Nikampa ileile. Alicheka mpaka akamwita mwenzake aje aone. Kumbe yeye anataka Kadi ya Njano ya COMESA, ile bima ya kuvukia mpaka inayolipia watu na mali utakazogonga nchi ya watu. Tanzania tulijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango huo wa bima tumebaki. Haya, nikaenda kibandani nikakata. Nikarudi. "Na tela?" Tela lina namba yake na kadi yake, kwenye bima halikuandikwa. Nikarudi tena kibandani, yule kijana kaniona tu kashaanza kutabasamu.

Hadi hapo sikuwa na neno. Uzembe wangu nusu, wa wakala nusu.

Kwa wasiojua, hiki ni kituo cha pamoja. Ukienda Kenya unapita moja kwa moja hadi jengo la upande wao, na humo ndani unawakuta maofisa wa nchi zote mbili. Mpango mzuri sana kwa mwenye basi na mwenye nyanya. Mimi nikafika kwa wa kwetu, akatoka nje kuliangalia gari, akazunguka tela mara moja, akasema, "Kaka, hili limebebwa. Kilichobebwa ni mzigo. Mzigo unatolewa na wakala kwa hati zake."

Mkenya aliyekaa meza ya pili akamkatiza, "Hapana, hii iko na kadi, iko na namba. Ni gari. Mimi naipea kibali ya muda kama gari ingine yoyote."

Nikafurahi. Nikafurahi kwa dakika kama tano hivi, mpaka mkubwa wa huyo Mkenya alipotoka ndani na kikombe cha chai. Akauliza swali moja tu: "Ilikuja ikijiendesha?" Haikuja ikijiendesha. "Basi ni mzigo."

Wakuu, hapo ndipo siku mbili zangu zilipofia. Likiwa gari, linapewa kibali cha muda na Hilux yake, tunapita. Likiwa mzigo, lazima litangazwe thamani, likokotolewe ushuru, halafu uwekewe bondi, maana yake ushuru hulipi lakini kuna mtu anakusimamia dhamana kwamba usipolirudisha atalipa yeye. Na huyo wa kukusimamia hasimami bure.

Kuna bwana mmoja wa pale nje, nadhani ni dereva wa lori, akanishauri kwa nia njema kabisa: "Lishushe, liwashe, livuke lenyewe. Si watasema ni gari?" Ndugu yangu, livuke na taa moja? Bila indiketa? Tairi hazina kashata, egzosi inasikika mpaka Duga! Trafiki wa kwanza tu analilaza kituoni. Yaani barabarani haliruhusiwi kwa sababu si gari la barabarani, na juu ya tela haliruhusiwi kwa sababu si gari.

Tukaja kwenye thamani. Wakala (sasa kafika, saa 7 mchana, na soda mkononi) ananiuliza Starlet hii ni shilingi ngapi. Nikamwambia nimelinunua milioni nne na nusu. Akasema hiyo ni gari, hayo mabomba ndani yana risiti? Risiti ya keji! Yule fundi wa Ngamiani hata daftari hana, hesabu zake zimeandikwa kwa chaki mlangoni. Kwenye karatasi yake ya rasimu wakala akaandika "mabomba ya chuma, yaliyotumika". Nimeiona kwa macho yangu. Keji inayolinda shingo yangu imegeuka chuma chakavu.

Halafu wakafungua boneti. Yule afisa wa kwetu aliinama na tochi ya simu, akatoa kitambaa mfukoni mwake mwenyewe, akasugua oili kwenye bloku polepole, akaanza kusoma tarakimu moja moja huku mwenzake akifuatisha kwenye kadi. Tarakimu ya tatu wakanyamaza. Namba ya injini na ya kwenye kadi hazijuani. Hapa nakiri bila kupepesa macho: nilibadilisha injini na sikwenda kurekebisha kadi. Na rangi kadi inasema nyeupe, gari bluu, boneti nyekundu. Hilo ni langu, nipigeni tu. Lakini yule afisa alikuwa muungwana, akaniambia angalau namba ya chesesi iko sawa, kwa hiyo hatalifanya la wizi. Asante yake.

Tairi nazo. Nilikuwa na 6 za akiba nyuma ya Hilux. "Za kuuza?" Za kukimbilia. "Mpya zote?" Ndiyo. Basi kumbe na zenyewe zilitakiwa ziorodheshwe wakati wa kutoka, la sivyo ukirudi nazo unaonekana umenunua huko. Wakati huohuo mama mmoja na matenga yake kapita mbele yangu dakika chache tu, kwa ule utaratibu rahisi wa Afrika Mashariki wa mizigo isiyozidi dola 2,000. Nikauliza, na mimi je? Nikajibiwa utaratibu huo ni wa bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya, na tairi zangu zimetoka Japani. Sawa. Jibu la haki kabisa, ila liliniuma.

Ijumaa nimelala ndani ya Hilux. Jumamosi wakala anasema bondi "inakuja". Jumatano aliniambia laki mbili kila kitu, Jumamosi asubuhi imekuwa laki sita na nusu, tatu nimeshampa. Kufika saa 8 mchana bado inakuja. Ukaguzi wa magari ya mbio kule unafungwa saa 9, na mbele yangu kuna zaidi ya kilomita 100 na kivuko cha Likoni. Nikageuza.

Mnadhani imeisha? Kumbukeni nilikuwa upande wa Kenya. Kurudi lazima nipite jengo la upande wetu, kama mtu anayeingia nchini. Askari wa getini: "Gari limetoka Kenya, hati yake ya kuingilia iko wapi?" Nikamwambia halijatoka Kenya, limetoka Tanga. "Onesha basi hati ya kutokea." Sina, sikutoka. "Sasa hapa umefikaje?" Nimekaa pale dakika 40 nikimweleza binadamu mwenzangu kwamba sijawahi kuondoka. Aliyeniokoa ni yuleyule wa kitambaa, alikuwa anavuka kwenda kula, akapiga kelele kwa mbali: "Mwacheni huyo, ni wa tangu jana!"

Kinachonikera, sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, kifungu cha 117, inaruhusu kitu kuingizwa kwa matumizi ya muda bila ushuru kisha kirudishwe. Waingereza tangu Januari 1, 2021 wakipeleka magari ya mbio Ulaya wanabeba kijitabu cha ATA, hati ya kimataifa ya kuingiza vitu kwa muda, kimeorodhesha gari, tairi, spana, kinagongwa mhuri kwenda na kurudi, kinadumu mwaka. Karaha, ndiyo, lakini unajua ni karaha ipi kabla hujatoka nyumbani. Na sisi hapahapa mwaka 1953 mashindano ya magari ya Safari yalianza kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Leo Starlet moja juu ya tela inatafutiwa jina.

Naomba aliyewahi kuvusha gari la mbio kwenda Kenya kwa tela akafanikiwa, aweke hapa karatasi alizobeba, moja moja, na aseme liliandikwa gari au mzigo.

NYONGEZA saa 2 usiku: Mnaonifuata inboksi kutaka kuniunganisha na wakala mzuri, nashukuru, sitaki. Wakala ninaye, na laki tatu zangu bado anazo.