Kiti cha baridi kwenye Ford Expedition kinapuliza hewa ya vuguvugu (Lubumbashi)

Expedition_Lshi:
Jambo wandugu. Gari ni Ford Expedition ya 2012, viti vya mbele vinapasha na kupoza. Kiti cha shofere nikikiweka kwenye baridi, kinapuliza kidogo, hewa inatoka vuguvugu, kisha taa ya kitufe inazimika yenyewe. Kupasha bado kunaenda. Kiti cha abiria hakina neno. Fyuzi nzima. Garaji moja inasema niongeze gesi ya kiyoyozi. Ni kweli? Nianzie wapi kabla ya kununua kiti kizima?

Umeme_Kamalondo:
Gesi haihusiki kabisa, usitoe pesa yako. Hakuna bomba la kiyoyozi linaloingia kwenye kiti hicho. Ndani kuna vipande viwili vya Peltier, kimoja kwenye mto wa kukalia, kingine kwenye mgongo, kila kimoja na feni yake. Umeme ukipita, uso mmoja unapoa na wa pili unapata moto. Ukigeuza nyaya, joto linahamia upande mwingine, ndiyo maana kipande kilekile kinapasha na kupoza.

Kwa kuwa kupasha kunaenda, mimi ningeshuku hewa kwanza. Feni inavuta hewa ya ndani ya gari kupitia kichujio kilicho chini ya kiti. Sehemu ya hewa hiyo inapita uso wa baridi na kuja mwilini mwako, sehemu inapita uso wa moto na kutupwa nje ya kiti. Njia ikiziba, moto haupati pa kwenda, unarudi upande wa baridi, kihisi cha joto kinaona, moduli (kompyuta ndogo ya viti) inakata. Kupasha kunavumilia uchafu kwa sababu umeme wenyewe unazaa joto ndani ya kipande. Wakati wa kupoza, joto hilohilo ni mzigo.

Na vumbi letu jekundu la kiangazi linajulikana. Zima gari, sukuma kiti nyuma kabisa, piga tochi chini. Sukuma ukingo mgumu wa kichujio juu, kitaachia. Kikiwa na rangi ya tofali, weka kipya. Ukipuliza kwa kompresa, shika feni isizunguke, maana ikizungushwa kwa nguvu beringi zinaharibika. Angalia pia zulia lililosukumwa chini ya kiti, mifuko ya plastiki, na hasa vile vifuniko vya viti tunavyopenda kuvalisha juu ya ngozi yenye matundu. Hapo hata kiti kisicho na ubovu hakipozi.

Usipime gari likiwa limetoka juani mwezi wa kumi. Kiti kinapoza hewa kinayoikuta ndani. Washa injini, acha kiyoyozi kishushe joto kwanza, ndipo ulinganishe viti viwili kwa kipimajoto kilekile.

Waya_na_Masi:
Nakubaliana, ila kabla ya kufungua chochote, soma kodi za hitilafu kwa FORScan, programu ya kusoma kompyuta za Ford. Kile kisomaji cha bei rahisi kinachoona injini tu hakitafika kwenye moduli ya viti. Kodi itakuambia ni mto au ni mgongo, na hiyo peke yake inaokoa nusu ya kazi.

Halafu volti. Injini ikiwaka, batri iwe kati ya 13.5 na 14.5. Pima tena kwenye soketi ya moduli kiti kikifanya kazi. Ikipungua zaidi ya nusu volti, tafuta waya wa masi (unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) chini ya kapeti, bolti yake hupata kutu maji yakiingia.

Nyaya za njano ni za mfuko wa hewa. Toa ncha hasi ya batri, ngoja dakika tano, ndipo uzichomoe. Usizipime kwa mita hata kidogo.

Mwana_Katuba:
Mnazungusha sana. Chomoa kipande, kipe volti 12 moja kwa moja, kisipopoa kimekufa.

Waya_na_Masi:
Hapana, kaka. Bila feni, upande wa moto unapanda haraka na risasi ya kulehemu iliyounganisha vijiti vya ndani inalegea. Utaua kipande kizima kwa kukipima. Weka balbu ya breki ya wati 21 katikati ya waya mmoja. Mkondo hautazidi ampea 2. Sekunde kumi zinatosha: uso mmoja utausikia baridi kwenye kidole. Geuza nyaya, baridi ihamie upande wa pili.

Mita ya omu (ya kupima ukinzani wa umeme) inadanganya hapa, kwa sababu kipande chenye joto tofauti pande mbili kinatoa volti yake chenyewe. Kiache kipoe sawasawa, pima, geuza ncha za mita, pima tena, chukua wastani. Linganisha na cha kiti cha pili. Kipimo kikizidi sana, risasi hiyo imepasuka ndani. Kisiposoma kabisa, kipande kimekufa.

Expedition_Lshi:
Aksanti sana. Kodi inaonyesha mto wa shofere. Kichujio kilikuwa tope kavu. Nimebadilisha, sasa kinapoza kidogo ila bado kinakata. Naweza kuchukua mto wa abiria nijaribu?

Umeme_Kamalondo:
Usihamishe mto mzima. Wa abiria una kihisi cha uzito cha mfuko wa hewa, ukiuchokoza taa ya mfuko itawaka na itabidi kurekebishwa kwa kompyuta. Hamisha kipande na feni yake tu, namba za kipuri zikilingana. Ila kabla ya hapo sikiliza feni ya mto: ikikwaruza au ikianza kwa kusitasita, hewa haitoshi hata kichujio kikiwa kipya. Anza na feni.