Gumzo la familia: tiketi za Jumapili

Alhamisi, 9 Julai 2020

Kaka Idrisa (2:10 asubuhi): Assalaam alaykum, ndugu zangu. Simba na Yanga wanakutana Jumapili hii, tarehe 12, katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho pale Uwanja wa Taifa, na kwa kuwa ligi imerudi tangu Juni 13 baada ya kusimama kwa ajili ya corona, na mashabiki wanaingia, naomba kila anayekwenda athibitishe kabla ya saa kumi ili nikate tiketi za mzunguko, zile za bei nafuu, kwa pamoja.

Kaka Idrisa (5:40 asubuhi): Watu kumi na mmoja wamesoma na hakuna aliyejibu.

Dada Rehema (6:05 mchana): Wa alaykum salaam, kaka. Mimi ninashinda wodini. Takwimu za corona hatujapewa tangu Mei, zilipoishia kwenye wagonjwa 509, lakini ugonjwa hauondoki kwa kutohesabiwa. Kule Italia, Atalanta walicheza na Valencia mjini Milano Februari 19 mbele ya watu zaidi ya 40,000, na mwezi uliofuata Bergamo, mji wa Atalanta, ulizidiwa na maziko. Wajerumani na Waingereza wamerudisha ligi zao huku viti vikiwa vitupu.

Shafii (6:09 mchana): Dada, Yanga mnatafuta udhuru tu, Mnyama Simba amewatisha.

Mjomba Hamisi (6:11 mchana): Ule mpira wa adhabu wa Morrison wetu wa Yanga, wa Machi 8, mmekwisha kuuona ulipopita?

Kaka Idrisa (6:20 mchana): Tafadhali turudi kwenye tiketi. Uwanja una viti 60,000, hewa inapita, na kila mmoja wetu atanawa na kuvaa barakoa. Tukutane kituo cha Uhasibu saa saba mchana.

Dada Rehema (6:31 mchana): Machi 8 nilikaa pembeni yako, kaka. Goli lilipoingia ulikumbatiana na watu usiowajua, na vuvuzela moja ilipita midomo minne, wako ukiwemo, kabla ya kurudi kwa mwenyewe. Hiyo barakoa Jumapili itakuwa kidevuni.

Shangazi Mwanaidi (7:02 mchana): Kwa kuwa siku ile imetajwa, Idrisa, fedha yangu ya tiketi haijarudi mpaka leo, na nilikueleza mapema kwamba sitakwenda kwa sababu ya lile la Mkuranga. Sitaki kulifungua hapa, ila sijalisahau.

Kaka Idrisa (7:05 mchana): Shangazi, hilo nitakupigia simu.

Babu (9:30 alasiri): Nimesomewa yote. Nilianza kuwatazama watani hawa wakati Uwanja wa Uhuru ndio ulioitwa Taifa, na mchezo wao ninaupenda mpaka leo. Bibi yenu pumu imemrudia; usiku wa jana alikesha ameshika nondo za dirisha akitafuta hewa, nami nikimpepea kwa kipande cha boksi mpaka adhana ya alfajiri. Atakayekwenda Jumapili asilale nyumba hii kwa siku 14, hata akiwa Idrisa.

Kaka Idrisa (11:15 jioni): Shikamoo, Babu. Nimekusikia. Tiketi tatu nimekwisha kuzilipia. Mjomba Hamisi, kama bado unakwenda, naomba nije kulala kwako Mbagala.

Mjomba Hamisi (1:40 usiku): Chumba kipo, lakini mke wangu ana mimba ya miezi saba. Ngoja kwanza nizungumze naye.

Binamu Jabu (4:52 usiku): Samahani, ndiyo kwanza ninausoma ujumbe. Mimi ninakwenda, nitume shilingi ngapi?