Ikija nyengine kama korona, viwanja vya watoto vifungwe au viachwe?

Kijana wa Ng'ambo
Assalaam alaykum nyote. Naomba tulijadili hili bila ya matusi na bila ya siasa. Skuli zilipofungwa Machi 2020 wakubwa walikaa wakapanga kunawa mikono, barakoa, masomo ya redioni, yote sawa, lakini sikumsikia hata mmoja aliyeuliza huyu mtoto sasa atakimbia wapi. Na maradhi mengine yatakuja tu, mwanzo wa 2025 homa ya Marburg ilikuwa Kagera na sie huku meli na ndege haziachi kushusha watu. Msimamo wangu mie: skuli zifungwe ikibidi ila viwanja viachwe. WHO wanasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate kwa wastani dakika 60 kwa siku za kumtoa jasho na kumpandisha pumzi, na utafiti wa dunia nzima uliotoka 2019, yaani korona hata haijaja, ulikuta vijana wanne katika watano hawafiki hapo. Hispania waliwafungia watoto ndani wiki sita, mpaka tarehe 26 Aprili, mbwa anatolewa kutembezwa mtoto hatoki! Tunataka tufike huko?

Mpemba Mkavu
Yakhe weye unatuhadithia Hispania, huku nani alifungiwa? Lokdauni hatukuwa nayo. Kwetu Micheweni ile miezi watoto wakitoka baada ya chai huwaoni tena mpaka maghrib, mara pwani, mara tiara, mara mpira, mama mtu anazunguka na bakora anauliza jamani hamjamuona fulani. Kama mazoezi basi mwaka ule waliyafanya mpaka yakawatoka puani. Matatizo yenu ya mjini msitubambikie watu wa shamba.

Mama Wawili
Mpemba, njoo ukae kwenye maflati ya Michenzani juu kabisa halafu useme hivo hivo. Hakuna aliyetufungia kwa sheria lakini woga ulikuwepo, mama mkwe ana sukari na presha tulikuwa naye ndani, nani angewaachia watoto washuke wakachanganyike halafu wamrudie bibi yao? Basi wangu wawili wakatengeneza mpira wa soksi, goli moja friji goli jengine mlango wa choo, wakianza tu jirani wa chini anagonga dari na mti wa ufagio, dum dum dum, wanatulia dakika mbili wanaanza tena. Baba yao alikuwa anaendesha wageni, wageni hawapo gari imelala, yupo nyumbani kichwa kimemjaa madeni, kelele hazitaki, akawa anawapa simu yake watizame katuni. Skuli zikafunguliwa, wageni wakarudi, baba karudi kazini na simu nyengine, ile ya mwanzo imebaki kwa watoto mpaka leo. Mimi ndo nasema korona hiyo haijesha nyumbani kwangu.

Mpemba Mkavu
Hiyo si korona hiyo ni simu. Chukua uweke kabatini.

Mama Wawili
Karibu nyumbani uje uichukue weye nione.

Ticha Netiboli
Naona mnazungumza "watoto watoto" kama kwamba wote ni wanaume. Mpemba nakuuliza kwa heshima, hao waliokuwa pwani na tiara mpaka maghrib, wasichana walikuwa wangapi? Mimi nafundisha na jioni nasimamia netiboli, nakwambia nilichokiona. Mtoto wa kike akishafika darasa la sita la saba, mtaani hakimbii tena, akikimbia ataambiwa umekua sasa jisitiri. Pahala pake pa kukimbia ni skuli tu, pana wenzake, pana mwalimu, na mzazi hana neno kwa kuwa ni skuli. Sasa ukifunga skuli, kaka yake anahamia kiwanja cha mtaa kama kawaida, yeye anahamia jikoni. Anaosha vyombo anabeba mdogo wake kiunoni anatoka hapo anakwenda kuchota maji. Walipofunguliwa niliwaita wale niliokuwa nawategemea, mmoja mchezaji mzuri wa kati, mrefu, ana mkono, nikampa mpira, akazunguka uwanja mara moja akakaa kwenye mchanga kashika mbavu anacheka kwa aibu. Na wengine hawakurudi kabisa kwenye netiboli, skuli walirudi, uwanjani hawakurudi, ukiuliza unaambiwa jioni ana kazi nyumbani. Ilikuwa ni "kwa sasa tu" ikawa ndo utaratibu.

Mpemba Mkavu
Hapo kwa wasichana nakupa nusu. Lakini kuchota maji na ndoo ishirini lita kichwani si mazoezi hayo? Hata hao WHO wenu kazi za nyumbani wanazihesabu.

Ticha Netiboli
Wanazihesabu, ni kweli. Lakini ukiwa na ndoo kichwani unakwenda taratibu usimwage, pumzi haipandi vile, na shingo inaumia. Tena hakuna anayecheka na wenzake akiwa na ndoo kichwani. Mpe ndoo kijana wako wa kiume na binti mpe mpira wiki moja tu, halafu uniletee majibu.

Nesi wa Zamu
Nimesoma yote nimenyamaza sasa naomba niseme. Kijana wa Ng'ambo, kiwanja kuachwa wazi si jambo jepesi kama unavyolieleza. Ni kweli nje kwenye upepo korona inaambukiza kidogo kuliko kwenye chumba kilichofungwa, hilo halina ubishi. Ila kiwanja chetu mnakijua, watoto wanakunywa chupa moja ya maji wote, wanabanana pale kwenye kivuli cha mwembe, na watu wazima wanaokuja kutizama mpira nao hawakosi. Na si kila maradhi ni korona, kikiingia kipindupindu hiyo chupa moja na mikono isiyonawiwa ndo balaa lenyewe. Halafu Marburg ni habari nyengine kabisa, inapita kwa majimaji ya mwili, jasho limo. Kwa hiyo huwezi ukaandika sheria moja ya "viwanja viachwe" kabla hujajua kilichokuja ni nini.
Lakini upande wa pili msidharau gharama ya kuwafungia. England wanawapima watoto uzito skuli kila mwaka. Wa miaka 4 na 5 wenye unene wa kupindukia walikuwa asilimia 9.9 mwaka wa 2019/20, mwaka uliofuata wakafika 14.4, skuli zilipotulia wakashuka 10.1. Wale wa miaka 10 na 11 walitoka 21.0 wakapanda 25.5, na kushuka wakaishia 23.4 tu. Mdogo alirudi karibu na alipokuwa, mkubwa hakurudi sawasawa, na hili linaendana na anayoyasema ticha.

Kijana wa Ng'ambo
Nesi nimekufahamu. Basi narekebisha kidogo: maradhi yakiwa ya njia ya hewa kama korona, viwanja viachwe, vikundi vidogo, kila mtoto na chupa yake, watizamaji wakae kwao. Na skuli hata kama madarasa yamefungwa, uwanja wake ufunguliwe jioni, siku maalumu za wasichana peke yao na mwalimu wao. Hapo ticha umenitoa kwenye njia yangu kabisa, mie nilikuwa nafikiria viwanja vya mpira tu.

Mzee wa Baraza
Vijana mnabishana kufungua kiwanja, kiwanja chenyewe kiko wapi? Ule mkopo wa korona wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, wa 2021, shilingi trilioni 1.3 kwa nchi nzima, Zanzibar tulipata fungu letu na madarasa yakajengwa, alhamdulillah sisemi vibaya, skuli za mikondo miwili zilikuwa zinatutia aibu. Lakini ipo skuli moja, siitaji, jengo jipya limekaa pale pale penye goli. Watoto sasa wanacheza barabarani wanaruka na bodaboda.

Mpemba Mkavu
Haya mzee kasema. Na hiyo skuli ikifunguliwa uwanja jioni, ufunguo wa geti anakaa nao nani? Mwalimu mkuu atakwambia sheha, sheha atakwambia mwalimu mkuu, na mpira ukipotea je?

Ticha Netiboli
Ufunguo nipeni mimi. Mipira wananunua nyinyi wababa.