Galaksi ndogo za mviringo zinazoizunguka galaksi yetu, gesi yao ilienda wapi?

mlinzi_wa_kilimia
Habari za jioni wakuu. Nina swali limenikaa kichwani wiki nzima. Nilikuwa naangalia picha ya galaksi inaitwa Fornax, ni moja ya zile ndogo zinazoizunguka hii yetu ya Njia Nyeupe, nikaikodolea macho muda mrefu maana sioni mikono, sioni wingu, ni nyota tu zimetawanyika kama mtu kamwaga chumvi kwenye kaniki, na katikati ya hizo nyota unaona kabisa galaksi zingine za mbali kule nyuma, yaani unaona hadi upande wa pili. Nikasoma kwamba hazina gesi na nyota mpya hazizaliwi tena, halafu hapohapo wanasema zimejaa maada ya giza. Naombeni mnieleweshe, gesi ilitokaje, na hiyo maada ya giza wameijuaje wakati haionekani? Na mbona vile viwingu viwili vya Magellan tunavyoviona huku Pangani mwezi wa 12 ukitazama kusini, navyo ni galaksi ndogo na viko jirani yetu, lakini gesi vinayo tele?

fundi_lenzi
Swali zuri sana mkuu. Kwenye gesi, chukua mfano wa ungo. Mama akipepeta mchele makapi yanapeperuka, mchele unabaki, kwa sababu punje ni nzito na upepo hauzishiki. Sasa Njia Nyeupe imezungukwa na gesi nyembamba yenye joto kali inayofika mbali sana nje ya zile nyota tunazoziona, kwahiyo kagalaksi kadogo kakiingia humo kwa kasi ya kilomita mia na zaidi kwa sekunde ni kama kamekutana na upepo wa uso, gesi yake inasukumwa nje na nyota zinabaki zinaendelea na safari. Ongeza na supanova za humohumo ndani, mvuto wa galaksi kama hiyo ni mdogo mno, nyota kubwa zikilipuka gesi inatupwa nje na kurudi ni kazi. Halafu kila ikipita karibu nasi mvuto wetu unaivuta upande huu zaidi ya ule, ni kanuni ileile ya mwezi na bahari, maji kujaa na kupwa, na ikirudia hivyo mara nyingi hata kama ilianza kama kisahani kinachozunguka inaishia kuwa duara lililofura.
Viwingu vya Magellan ni vikubwa kuliko hizo na inaonekana vimefika jirani yetu juzijuzi tu kwa hesabu za anga, upepo haujavimaliza. Ila navyo vimeanza kumwaga, kuna mkia mrefu wa gesi unavifuata nyuma.

mwl_zuhura
Hapo kwenye maada ya giza niingie mimi maana napapenda kweli. Draco, nyingine katika hizo galaksi ndogo, ina mwanga kama wa majua laki tatu hivi, galaksi nzima! Ukipiga hesabu ya uzito wa nyota zake peke yake, zinatakiwa zipishane kasi kwa kilomita 1 au 2 tu kwa sekunde, zikizidi hapo zinatoroka. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Marc Aaronson, alipima kasi za nyota tatu za Draco, tatu tu, akakuta zinapishana kupita kiasi. Wengi walisita, sampuli ya nyota tatu utasemaje nayo, na huenda zingine ni nyota pacha zinazozungukana, kasi yao inakudanganya. Baadaye wakapima mamia, jibu likabaki karibu kilomita 9 au 10 kwa sekunde. Kwahiyo kuna uzito mwingi mno humo usioonekana ndio umezishika zisitawanyike. Aaronson mwenyewe alifariki 1987 kwenye ajali ndani ya jengo la darubini kule Kitt Peak, hakuwahi kuona hayo mamia, kila nikifundisha hii mada namkumbuka.

juma_wa_bara
Mi nilisoma kwamba zote zilizimika kitambo sana, mwanga mkali wa nyota za kwanza ulichemsha gesi ya ulimwengu na vigalaksi vidogo vikashindwa kuishika. Si ndio hivyo?

mwl_zuhura
Kwa vile vidogo kabisa kaka Juma uko sahihi, ila sio zote. Draco na Sculptor nyota zao karibu zote ni za zamani, zaidi ya miaka bilioni 10. Lakini Carina ilizaa nyota kwa vipindi, inaacha mabilioni ya miaka halafu inaanza tena, na hiyo Fornax aliyoiona mwenzetu imezaa hadi miaka milioni mia chache iliyopita, yaani ni juzi. Kila moja ina historia yake, hata majirani wanaofanana sura. Na zipo kama Cetus na Tucana, ziko peke yao mbali na sisi na bado hazina gesi, hapo ungo wa fundi hautoshi peke yake.

fundi_lenzi
Kweli mwalimu, hizo mbili zinasumbua. Wapo wanaosema zilishawahi kupita karibu na galaksi kubwa zamani zikatupwa nje.

mlinzi_wa_kilimia
Nashukuru sana wote, nimeelewa kuliko nilivyotegemea. La mwisho, hiyo inayovutwa na kufura, inaweza kuchanika kabisa?

fundi_lenzi
Inachanika, na kuna moja inachanika sasa hivi. Iko upande wa kundi la nyota la Kausi, nyuma ya kitovu cha galaksi yetu, ndio maana haikuonekana hadi 1994 wakati Sculptor na Fornax zilishajulikana tangu 1938 kwenye picha zilizopigwa Afrika Kusini. Nyota zake zimeburuzwa zikawa kama utepe unaozunguka anga lote. Ukipata darubini ndogo mwezi wa 8 usiku tafuta M54, kishada cha nyota humohumo kwenye Kausi, utaona kidoa cha ukungu tu. Messier, yule Mfaransa aliyeorodhesha vidoa vya angani, alikiandika 1778, na kumbe kipo kwenye kitovu cha hiyo galaksi nyingine.