Saikasi na paka ndani ya nyumba moja: tupeane uzoefu

Mwenye_Bustani: Habari zenu. Nimeletewa saikasi kwenye chungu, ule mti wa mapambo wenye majani magumu kama kitana. Muuzaji kaniambia hauna neno. Asubuhi hii nimemkuta paka wangu anatafuna ncha ya jani changa. Aliyewahi kukaa nao pamoja na paka anieleze.

Baba_Pacha: Mimi ninao mwaka wa sita na paka wawili, hawaunusi hata kidogo. Msimtishe mwenzenu.

Mama_Chui: Nilikuwa sitaki kuisimulia tena hii. Mti wangu ulikuwa jike, ukazaa mbegu za rangi ya machungwa, kila moja kama tende nene. Paka wangu Chui akaichopoa moja, akawa anaisukumasukuma sakafuni kama mpira. Nikacheka na kumpiga picha. Jioni akatapika povu. Kesho yake akanywa maji, nikasema ameshapona, nikampa na maziwa. Siku ya tatu akajificha uvunguni, hataki kuguswa. Nilipomfunua mdomo, ufizi ulikuwa manjano kama umepakwa bizari, na ndani ya masikio vilevile. Swali la kwanza la daktari lilikuwa, "Nyumbani una mimea gani?" Akatundikiwa dripu, lakini ini lilikuwa limeshaharibika. Alikata roho alfajiri ya siku ya tano, mkono wangu ukiwa tumboni mwake.

Nuru: Jamani Chui! Pole sana, dada.

Salma_K: Wangu naye alianza na povu hivyohivyo.

Baba_Pacha: Pole, Mama Chui. Ila hiyo ilikuwa mbegu. Huyu katafuna jani tu.

Mganga_wa_Mifugo: Kaka, mti wote una sumu, mizizi hadi majani, mbegu ndiyo kali kupita vyote. Sumu yenyewe ni saikasini. Bakteria wa utumbo wakishaivunja, kinachobaki ndicho kinachoua ini. Kutapika huweza kuanza ndani ya saa chache, manjano ikachelewa siku mbili tatu, na hapo katikati mtu hudanganyika kwamba mnyama amepona. Paka wako hawajautafuna, basi. Usimpe mwenzako moyo kwa bahati yako.

Baba_Pacha: Sijampa mtu moyo, nimesema niliyoyaona kwangu.

Juma_wa_Maua: Mpe maziwa haraka, yanakata sumu.

Mganga_wa_Mifugo: Hayakati. Na asije mtu akamnywesha chumvi ili atapike, chumvi nayo inaua. Akapewe mkaa wa dawa na daktari, mapema.

Nuru: Upandishe mti juu ya kabati.

Salma_K: Kabatini ndiko paka anakolala, Nuru! Utoe kabisa. Ukipenda umbo la mchikichi weka areka, haina sumu kwa paka. Wangu anaitafuna tangu udogoni.

Juma_wa_Maua: Au drasina.

Salma_K: Drasina hapana! Hiyo nayo huwatapisha na kuwatoa udenda, mboni zikapanuka.

Mama_Chui: Mwenye Bustani, bado upo? Usisubiri manjano kama nilivyosubiri mimi.

Mwenye_Bustani: Nipo. Ufizi bado una rangi ya waridi, lakini ametapika sasa hivi, na kipande cha jani kimo kwenye matapishi. Nimekitia kwenye mfuko. Tunatoka.